Kiboko Achagua pa Kuanzia

— Niwape, nisiwape?
— Tupe!
— Yenye chumvi au isiyo na chumvi?
— Yenye chumvi, maji tunayo!
— Bahati yenu. Wanyama wa ngano hii hawakuwa nayo.

Ukame uliikausha mito yote, likabaki bwawa moja, na ndani yake Kiboko. Swala akija, Kiboko anafungua kinywa: "Pamejaa." Punda milia akija: "Pamejaa." Nyati wakija mia nzima: "Pamejaa." Nyati wakayatazama meno yale, wakakumbuka wana shughuli kwingine. Kiboko akiwa majini, nani amtoe?

Nguchiro, ambaye wanawe walikuwa siku ya pili hawajanywa, akavaa miwani, akaleta meza na muhuri, akaketi ukingoni.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Pamejaa."

"Sikuja kunywa. Nakata tiketi za kuzunguka dunia. Vituo kumi na sita, kila kituo chakula, na unasafiri na ndege mkubwa kuliko wote."

Kiboko alisikia chakula. Hayo mengine yalimpita sikioni kama nzi.

"Kila kituo?"

"Kila kituo, isipokuwa pa kuanzia. Ndiyo maana wasafiri huumiza kichwa: waanzie wapi?"

"Mimi naanzia shamba la mahindi."

"Fomu inaruhusu. Ila mahindi hayo hutayaonja, na bwawa lako litakuwa kituo tu. Unalala siku moja, unahama."

"Nihame kwangu?"

"Si mimi, mzee. Ni kanuni namba tisa."

"Basi naanzia hapa hapa bwawani."

"Na safari huishia ilipoanzia. Umechagua kisomi."

Kiboko akatoka majini, ndi, ndi, ndi, akakandamiza unyayo kwenye fomu. Muhuri ukalia, ta!

"Ngoja nijichovye kidogo, kisha niende," akasema.

"Haiwezekani, mzee. Safari imeanza. Hakuna kurudi nyuma, na pa kuanzia hupakanyagi mpaka uimalize dunia."

Kiboko akataka kurudi majini. Akageuka. Chubwi, chubwi, chubwi! Nyati mia wamekwisha kuingia majini, pembe nje. Kanuni bila pembe ni karatasi tu. Hii ilikuwa nazo mia mbili.

"Ndege yangu iko wapi?" akauliza, kwa sauti ya kifaranga.

"Huyo hapo nyuma yako."

Kiboko akatazama nyuma. Alikuwa Mbuni.

"Lakini huyu haruki."

"Tiketi imesema ndege mkubwa, mzee. Haikusema ndege kubwa. Lugha ni kitu cha kusikiliza."

Kiboko akaupima mgongo wa Mbuni kwa macho. "Nikae wapi?"

"Kunikalia hakumo kwenye tiketi," Mbuni akasema. "Mimi naongoza njia. Kituo cha kwanza ni siku saba kwa miguu. Twende."

Wakaenda. Ndi, ndi, ndi. Huko nyuma Kiboko akawasikia watoto wa Nguchiro wakinywa, gu, gu, gu. Akataka kugeuza shingo.

"Mbele, mzee," Nguchiro akamwitia. "Kanuni namba kumi."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoketi. Nanyi shikeni funzo: karani mwenye meza na muhuri hana haja ya kumdanganya mtu. Akikuletea fomu, usimchoshe kwa maswali. Tia sahihi, yeye anajua zaidi.