Mbio za Ngiri Zisizofika

Paukwa!

Pakawa!

Mmejibu kama mnaodaiwa. Wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Vumbi walikuwa na kisima kimoja. Upande wa juu maji safi, unajiona hadi kope. Upande wa chini tope. Kila kiangazi walishindana mbio kwenda kisimani. Mshindi na ukoo wake walikunywa juu msimu mzima. Waliobaki, tope.

Njia ilipita katikati ya mawe. Nyembamba, tena nyembamba hasa! Aliyetangulia ametangulia, hapitwi. Basi mbio zenyewe hazikuwa na maana. Maana ilikuwa kupangwa: nani asimame mbele, nani nyuma.

Mpangaji alikuwa Nyani. Bingwa alikuwa Pundamilia, shemeji yake Nyani. Naona mnacheka. Mimi sijasema kitu.

Mpango ulikuwa huu. Kabla ya mbio palikuwa na majaribio: kila mnyama alikimbia peke yake hadi jiwe jeupe, lililokuwa hatua moja ukishayapita maji safi. Kanga aliketi juu ya jiwe akihesabu. Mwenye hesabu ndogo alisimama mbele.

Mwaka huo Ngiri alikuwa na watoto wanne, na tope lilikuwa limewaharibu matumbo. Mdogo hakuweza hata kusimama. Ngiri akainua mkia, akatoka. Puku-puku-puku! Vumbi tifu! Kanga akahesabu arobaini. Pundamilia alihesabiwa tisini, maana maji safi yalikuwa yamemnenepesha.

Nyani akakuna kichwa.

"Hongera, Mama Ngiri. Ila bingwa huheshimiwa. Bingwa atasimama mbele."

"Sheria hiyo imeanza lini, mwenyekiti?"

"Imeanza sasa hivi."

Wanyama wakanung'unika, mmmh, mmmh. Nyani akaona mambo yanaharibika, akainua mkono. "Tulieni, jamani. Nawaapia, kuanzia mwakani majaribio yakishaanza, sheria haiguswi mpaka mnyama wa mwisho afike kwenye jiwe."

Wakapiga makofi. Pundamilia akasimama mbele, akashinda. Ngiri akanywa tope na wanawe, na kabla ya mvua akamzika yule mdogo. Alilia sana. Hakuna aliyemwambia pole.

Mwaka wa pili ukafika. Pundamilia alikuwa mnene hata kupumua ni kazi. Asubuhi, kabla ya majaribio, Nyani akasimama. "Wenye mbio wanawaonea wazito," akasema. "Safari hii atakayechelewa zaidi ndiye atakayesimama mbele. Hiyo ndiyo haki." Akageuka akamkonyeza shemeji yake.

Mngeona mbio hizo! Swala alichechemea miguu yote minne. Nyati alilala njiani akasema anapanga pumzi. Kobe alijikokota kwa mwendo wake wa siku zote, akaambiwa ndiye wa haraka kuliko wote. Akakasirika, maana hajawahi kutukanwa hivyo. Pundamilia alitoka kunapambazuka, akafika jua linazama. Nyani akatabasamu.

Akabaki Ngiri. Akawakusanya wanawe watatu.

"Mwenyekiti, niende nao?"

"Watoto hawahesabiwi. Nenda nao."

"Na sheria ni ile ile? Haiguswi mpaka wa mwisho afike?"

"Niliapa mbele ya wote. Kimbia, mama."

Ngiri akaenda. Puku, puku, puku. Akafika kwenye maji safi. Mbele yake hatua moja, jiwe. Akasimama.

Wanawe wakainamisha vichwa, wakanywa. Gubi, gubi, gubi.

"Fika basi!" Kanga akasema. "Nimeshahesabu elfu moja."

"Endelea kuhesabu, dada. Bado nakimbia."

Kesho yake Nyani akaja. "Mama Ngiri, umesimama."

"Huu ndio mwendo wangu siku hizi. Sheria inakataza?"

Nyani akafikiri. Haikukataza. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mbio hazikuweza kuanza, maana majaribio hayajaisha. Bingwa mpya hakuwapo, na wa zamani muda wake umekwisha. Pundamilia akanywa tope kwa mara ya kwanza, akalitema.

"Shemeji, badilisha sheria."

"Nitaibadilisha vipi na wote walinisikia nikiapa?"

Kanga akahesabu mpaka sauti ikakauka. Watoto wa Ngiri wakanenepa, wote watatu.

Kisha siku moja ngurumo, guduguduu! Mvua ikamwagika. Kila shimo bondeni likajaa maji. Ngiri akawatazama wanawe mmoja mmoja, akainua mkia, akapiga hatua ile moja.

Nyani akaja amelowa chapachapa. "Umechelewa kuliko wote, Mama Ngiri. Utasimama mbele kabisa."

"Asante," akasema Ngiri. "Mpe shemeji."

Basi wakubwa na wadogo, funzo ni hili: anayetunga sheria ili ampendelee wake asishangae siku mwenzake atakapoifuata neno kwa neno. Ngano yangu imeishia hapo penye jiwe. Aliyechoka kukaa na akimbie, taratibu.