Waliotoka Tumboni mwa Zimwi

Sogeeni jamani, na anayeogopa damu azibe masikio.

Zimwi lilimmeza kaka yake Fumbwe, likaacha mlangoni mkuki wa watu wa ng'ambo ya mto, wale wanaomwomba Mungu kwa ngoma. Fumbwe, ambaye kwao huomba kimya, akavuka, akamchinja mwanamume wa kwanza aliyemwona, akamtupa mtoni. Zimwi likammeza dada yake, likaacha mkuki. Akavuka, akachinja, akatupa mtoni. Mara ya tatu likammeza mama yake. Fumbwe akavuka, akamkaba mwanamke aitwaye Semeni, panga shingoni.

"Jana mlimuua mama yangu!"

"Jana tulikuwa tumefunga. Tukifunga hatugusi chuma, hata kisu cha mboga. Mbona hujawahi kutuuliza?"

Fumbwe akashusha panga. Wakafuata pamoja nyayo zenye damu kutoka mlangoni kwa Fumbwe mpaka pangoni, wakalikatakata zimwi, wakalipasua tumbo. Akatoka mama, akatoka dada, akatoka kaka, wazima wote.

Semeni akabaki anachungulia ndani ya lile tumbo.

"Na mume wangu je? Alipotea siku ileile ya kaka yako."

Fumbwe akalitazama panga lake.

"Huyo," akasema, "hakumezwa na zimwi."