Mahuluti wa Bi Somoe

Hapo zamani, na msiniulize lini, nikisema zamani ni zamani, palikuwa na mama mmoja huko Newala, jina lake Bi Somoe. Mama huyo hakuwa na makuu. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: kunywa chai ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Maana kila asubuhi alikwenda na kikombe kwa wifi yake, Mwanahawa, na kila asubuhi wifi alimmiminia maziwa kidogo na masimango tele.

Somoe alikuwa na tetea mmoja. Wifi naye alifuga kanga, na kanga dume wake hakujua maana ya ua. Aliruka anapotaka.

"Wifi, mfunge kanga wako! Anamsumbua kuku wangu!"

"Kanga wangu ana heshima zake," alijibu wifi. "Mchunge huyo kuku wako."

Haya. Tetea akataga yai, akalisusa. Jirani yao, Bwana Chitanda, akaliokota, akalitia chini ya bata wake aliyekuwa akiatamia. Siku zikatimia, yai likapasuka, na mambo yaliyotoka humo, jamani! Shingo ya kanga, miguu ya kuku. Alipokua akajaribu kuwika, akakwama katikati, akamalizia kwa ukelele wa kanga. Watoto wakakimbia.

Somoe akasema, "Mimi simtaki, ananitia aibu."

Wifi akasema, "Mimi hanihusu. Kanga wangu hajazaa nje."

Basi Chitanda akamlisha mchwa, huku akinung'unika kila siku ya Mungu.

Ndipo akapita bwana mifugo, kijana aitwaye Ndimbo. Alipomwona yule ndege alisimamisha pikipiki akashika kichwa. "Mnajua mna nini hapa? Huyu ni mahuluti!"

"Maskini," akasema Somoe. "Atapona?"

"Si ugonjwa, mama. Baba wa aina moja, mama wa aina nyingine, anayezaliwa kati yao ndiye mahuluti. Kuku na kanga ni nadra sana kupata mtoto. Na huyu mwenyewe hatazaa."

Lo, neno likakipata kijiji! Ugali wa muhogo uliochanganywa na mahindi, mahuluti. Baiskeli ya Chitanda, gurudumu moja la kwake na jingine la marehemu shemeji yake, mahuluti. Fundi cherehani mfupi alipooa mke mrefu, watu wakaanza kuwapigia hesabu watoto wao. Ndimbo akapiga kelele, "Hapana! Binadamu wote ni aina moja, wafupi kwa warefu!" Nani amsikilize?

Maonyesho ya wakulima yalipofika, Ndimbo akampakia ndege kwenye tenga, na Somoe, wifi na Chitanda wakafuata. Watu wakajaa kumtazama. Ndege akajaribu kuwika, akakwama, akamalizia kwa ukelele, na uwanja mzima ukashangilia. Zawadi ya kwanza: ng'ombe mtamba mwenye mimba!

"Mwenye ndege ni nani?" akauliza mgeni rasmi.

"Mimi!" wakajibu wote wanne.

Somoe akasema, "Yai limetoka kwa kuku wangu. Bila yai mngeleta nini hapa, tenga tupu?"

Wifi akasema, "Tetea wako angezaa kifaranga kama wengine. Maajabu yametoka kwa kanga wangu."

"Kumbe leo amezaa!" akasema Somoe.

Chitanda akasema, "Wewe ulimkataa, na wewe ulimkataa. Bata wangu ndiye aliyelala njaa juu ya yai. Mimi ndiye niliyechimbua mchwa mpaka mgongo ukagoma."

Ndimbo akasema, "Na kabla sijampa jina, alikuwa nani? Kituko tu, mngemtia chunguni. Mimi ndiye niliyemjua."

Mgeni rasmi akajikuna kichwa. "Mniwie radhi," akasema, "maana hata huyu mtamba ni chotara. Mama yake wa kienyeji, baba yake fahali wa kigeni."

Somoe akaruka. "Wifi, umesikia? Kama mtoto ni wa mwenye dume, basi mwenye fahali aje amchukue mtamba wake!"

"Na kama ni wa mwenye jike," akasema wifi, "mwenye ng'ombe mama naye aje!"

Ghafla wakatazama nyuma, wakihofu wenyewe wasije kweli.

Mgeni rasmi akawakabidhi kamba wote wanne, akaondoka zake. Mtamba akafungwa katikati ya kijiji. Kila mmoja akampelekea majani, asije akaambiwa hakulisha. Akanenepa, akazaa, ndama akanyonya akashiba, na maziwa yakabaki. Asubuhi moja wakakutana hapo, kila mtu na kikombe chake, hakuna anayethubutu kuchuchumaa kukamua, asije akaambiwa anajifanya mwenye ng'ombe.

Na Bi Somoe, mwanamke yule, ameacha sufuria ya chai jikoni. Safari hii amekula kiapo: kwa wifi haendi tena, na ya rangi hanywi.

Haya, ninyi mnaocheka. Aliyetoa yai, mwenye dume, aliyelea, au aliyemtambua? Je, nani alistahili yule ng'ombe? Semeni upesi, chai ya watu inakauka.