Chiku na Shimo la Zamani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kama wagonjwa wa homa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni. Na wakubwa wasijifanye wanachambua mchele tu, maana ngano hii inawahusu.

Hapo zamani za kale, kwenye kichuguu chenye matundu mengi, aliishi Bwana Nguchiro na mkewe, Bi Nguchiro. Walikuwa na binti, Chiku, na vichanga ambao hata macho yalikuwa hayajafunguka. Chiku alikuwa na mdomo, jamani. Alisema asubuhi, alisema mchana, hata usingizini alisema. Ila dunia ilimchanganya.

Siku moja alikuwa akicheza kujificha na mama yake. Akachomeka kichwa kwenye majani, mwili mzima ukabaki nje. Mama akamvuta mkia.

"Nimekuona."

"Umenionaje, mama, na mimi sikuoni?"

Mama akacheka. Chiku hakuona cha kuchekesha. Akawaza, akawaza, akachoka, akaacha.

Jua likapanda, baba akaenda kuwinda. Huku nyuma, ssss, ssss, Fira huyo anakuja, nyoka mwenye sumu kali. Bi Nguchiro akamnusa kabla hajafika. Angekuwa peke yake angepigana, lakini na vichanga? Akawabeba kwa ukosi, mmoja mmoja, mbio mbio, mpaka tundu la upande wa pili wa kichuguu. Fira akakuta shimo tupu, bado lina joto. Akaingia, akajizungusha, akatulia. Chiku aliyaona yote.

"Kaa hapa juu umngoje baba yako," mama akamwambia, kisha akakimbia kunyonyesha.

Chiku akakaa. Akangoja.

Mara baba huyo, chapu chapu, na panzi mnene. Akamweka chini panzi wake apate kusalimiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani kwema?"

"Kwema."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko na watoto. Baba, nimeona kipepeo ana rangi kama ya tope, nikamfukuza, akanikimbia."

"Vizuri, mwanangu."

Baba akamchukua panzi wake, akaenda moja kwa moja kwenye shimo la zamani. Upepo ulikuwa ukimpiga mgongoni, hakunusa kitu. Akamweka panzi mlangoni. Akaita kwa sauti laini, ile ya kuitia watoto.

"Chiu, chiu. Nimerudi, wanangu."

Chiku akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Mbona baba anamwita Fira mwanangu? Mbona anampelekea panzi? Labda wamepatana. Labda ni mambo ya wakubwa.

Baba akainama aingie. Chiku akamtazama mgongo. Nguchiro anayekwenda kupigana husimamisha manyoya, kila mtoto wa nguchiro anajua. Manyoya ya baba yalikuwa yamelala, yametulia kama ya mtu anayekwenda kulala.

Chiku akaogopa kabla hajajua anaogopa nini. Akakumbuka mkia wake ulivyovutwa. Mama aliona asichokiona yeye. Na baba je? Baba alikuwa porini. Baba hakuona. Kichwani mwa baba, watoto bado wamelala mle.

"Baba, toka! Fira yumo!"

Pwaa! Baba akaruka nyuma, na meno ya Fira yakamkosa, yakamnasa panzi. Sasa manyoya ya baba yakasimama yote. Fira akamwona nguchiro aliyejiandaa, mchana kweupe. Hakungoja. Ssss, akatokomea majanini na panzi wake.

Baba akamgeukia Chiku.

"Ulijua yumo?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia kwema?"

"Nilidhani unajua, baba. Mimi nilimwona."

Baba akainua mkono ampige. Bi Nguchiro naye akaja mbio, anahema, amekasirika kuliko mumewe.

"Mtoto gani huyu? Nimemweka hapa amwambie baba yake tumehama, yeye kakaa anatazama tu."

Chiku akamtazama mama yake. Alikuwa amechanganyikiwa kweli, machozi yanamlengalenga.

"Lakini mama, hukuniambia nimwambie. Ulisema nimngoje."

Bi Nguchiro akamtazama mumewe, akautazama ule mkono uliokuwa bado juu.

"Nilidhani unajua," akasema polepole.

Bwana Nguchiro akaushusha mkono. Akamwinua Chiku kwa ukosi, kama kichanga, akampeleka nyumbani kupya.

Basi watoto, mafunzo ni haya: uliloliona wewe, mwenzako huenda hakuliona. Mwambie. Nanyi wakubwa mnaochambua mchele, mtoto haoni yaliyomo vichwani mwenu. Mwambieni kwanza, kabla ya kuinua mkono.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tundu jipya, watu wote wazima. Panzi ndiye hakurudi.