Kwa Nini Digidigi Ana Michirizi ya Machozi

Kabla Manyoni haijaitwa Manyoni, wakati vichaka vya nyika ile vilikuwa havina njia ya mtu ila ya mnyama, digidigi alikuwa na uso mkavu. Hivyo vidoa vyeusi mnavyoviona chini ya macho yake, kama wanja uliochuruzika, hakuwa navyo. Alikuwa mnyama mdogo mwenye maneno mengi, analala karibu na watu na kuamkia habari zao. Kwa hilo mimi nampenda. Mtu asiyejua kilichopikwa kwa jirani yake simwamini sana.

Digidigi mmoja na mumewe walikaa kwenye boma la mjane aliyeitwa Mbeleje. Ilitokea jioni moja chui akawafukuza, na Mbeleje, aliyekuwa anaokota kuni, akavuta tawi la miiba lililoziba mlango wa boma, wakapenya, akalirudisha. Tangu hapo kila jioni aliwaachia upenyo. Wakawa wanalala kwa ndani, ubavuni mwa tembe, mahali ukuta ulipohifadhi joto la jua. Mtoto wa Mbeleje, Ndahani, alikua akimwita yule jike shangazi na yule dume mjomba, na wao wakamwita mwanangu. Mjomba alikuwa mpole, hasemi sana. Shangazi alisema kwa niaba ya wote wawili.

Ndahani akafika umri wa kuota ndevu, na hapo shida zikaanza, kwa sababu mwanamume wa nyika ile hakuhesabiwa kuwa mtu mpaka awe mwindaji. Wawindaji walikuwa na moto wao chini ya kilima. Aliyekaribishwa kuketi pale alipata fungu la nyama, akisema alisikilizwa, na akiposa alijibiwa. Asiyeketi pale, hata awe na mvi, aliitwa kijana na kutumwa kuni.

Na kuanza uwindaji hakukuwa jambo la maskini, msidanganywe. Upinde wa mti wa mkole ulitaka ugwe wa kano la nyati, na nyati hatoi kano lake kwa kuombwa. Vyembe vya mishale vilikuwa kwa mhunzi, naye mhunzi alitaka aone mbuzi jike amefungwa mlangoni kabla hajagusa mivukuto. Sumu ilipikwa na wazee wawili waliofichana hata wao kwa wao. Wenzake Ndahani walirithi vitu hivyo kwa baba zao. Baba yake Ndahani alikuwa akifukuza ndege kwenye mashamba ya watu. Alipokufa aliacha kombeo na kigoda.

Mkubwa wa moto ule alikuwa Mzee Mbogoni, mtu wa kitambi na sauti. Nyati aliyemuua ujanani alizidi kunenepa kila aliposimuliwa. Mkewe alikuwa akisema, lakini kisimani tu, kwamba nyati huyo siku aliyokufa alikuwa ndama. Ndahani alipomwendea kuazima upinde, Mbogoni alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"Upinde hauazimwi, kijana. Leta mnyama kwanza, ndipo tukujue."

"Kwa mikono mitupu, mzee?"

"Mikono mitupu sikukupa mimi. Kamuulize aliyekuzaa."

Wawindaji wakacheka. Nyemo, binti yake Mbogoni, alikuwa anapepeta mtama hapo karibu, naye akatia lake: "Kaka Ndahani, si uanze na panzi? Panzi hataki mshale." Alisema huku anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchoma kijana kuliko vicheko vyote, maana alikuwa anampenda na kijiji kizima kilijua.

Ndahani hakurudi tena kuomba. Alichuma majani ya mkonge wa porini, akayaponda kwa jiwe, akasokota nyuzi zake juu ya paja mpaka paja likatoa malengelenge. Akatengeneza matanzi, akayatega, akanasa upepo. Akatega tena, akanasa mguu wa mama yake. Shangazi alikuwa anamwangalia kutoka kichakani, na siku hiyo uvumilivu ulimwisha.

"Mwanangu, umetega katikati ya uwanja kama mtu aliyeanika nguo! Unadhani wanyama ni wageni wa arusi, wapite mlango mkubwa?"

"Basi nifundishe, shangazi. Nimechoka kuchekwa."

"Swala na paa ni ndugu zangu, hao sikuonyeshi. Lakini kanga? Kanga nitakuonyesha hata leo. Wana kiburi wale. Wanaparua malisho yangu, na wakimwona mtu wanapiga kelele kama wameibiwa."

Akamfundisha kila kitu, na hakumtaka hata punje ya mtama. Alimwonyesha kukaa upepo ukimpiga usoni. Alimwonyesha kusugua viganja kwa majani mabichi ili kutoa harufu ya moshi, kutafuta mahali majani yalipolala kwa kukanyagwa, na kukunja ufito mbichi ili mnyama akigusa tanzi ufyatuke wenyewe. Mjomba alikuwa anasimama pembeni, anatafuna vichipukizi, mara moja moja anasema, "Msikilize." Basi.

Jambo moja tu shangazi alilitaka. "Jua likielekea kuzama, pita ulegeze matanzi yako yote. Usilaze mtego porini. Sisi wawili tunatembea jioni na alfajiri, na njia zetu hazibadiliki. Hilo ukilishika, mwanangu, mengine yote ni yako."

Ndahani akala yamini kwa jina la marehemu baba yake. Na kweli, kila jioni alikuwa anazunguka kulegeza tanzi moja baada ya jingine. Kanga wakapatikana. Mbeleje akanawiri, na wanawake kisimani wakaanza kumuuliza anapaka nini.

Kijana akachukua kanga mnono kuliko wote, akampeleka kwenye moto wa wawindaji. Mbogoni akamshika yule ndege kwa ncha za vidole.

"Hii ni mboga. Peleka jikoni kwa mama yako. Mwindaji huleta miguu minne." Kisha akasema yale yaliyoharibu kila kitu: "Nyasi za bondeni zimeshachomwa. Keshokutwa tunashuka huko na vijana wetu wapya. Asiyekuwa ameketi hapa siku hiyo atabaki na akina mama mpaka kiangazi kingine. Na kiangazi kingine, nasikia, Nyemo atakuwa kwa watu."

Kesho yake Ndahani alisokota tanzi nene na kulitega kwenye kijia alichoamini ni cha paa. Halafu akaenda kukaa karibu na wawindaji, si kwenye moto, pembeni, pale wanapotupwa mifupa, akawasikiliza. Jua likaelekea kuzama. Akaliona. Nyati wa Mbogoni alikuwa ndiyo kwanza anashambulia. Kijana akajisemea kwamba ni tanzi moja tu, na jioni moja tu. Hakuinuka.

Alfajiri alikwenda mbio. Katika tanzi alikuwamo mjomba.

Hakuwa ameumia. Kamba ilikuwa imemshika mguu wa nyuma, naye amesimama ametulia, wala hakuwa amehangaika hata kidogo, kwa sababu alijua nani kaitega na alijua nani atakuja. Alikuwa anamngoja.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Legeza. Shangazi yako ananitafuta."

Ndahani akapiga magoti, mkono wake ukafika kwenye fundo. Hapo hapo sauti ya Mbogoni ikasikika nyuma yake. Wawindaji walikuwa wanapita kwenda kwa mhunzi kuchukua mishale yao.

"Jamani, njooni mwone! Mtoto wa mfukuza ndege ana miguu minne!"

Wakamzunguka, wanapiga makofi, wanamgonga mabegani. Mmoja akamwita kwa jina la baba yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Neno moja tu lingetosha. Angesema, huyu ni mjomba wangu, wangecheka, angelegeza kamba, angerudi kutega kanga. Neno lile lilikuwa mdomoni kabisa.

"Haya, maliza basi, mwindaji," Mbogoni akasema. "Jua linapanda."

Ndahani akachukua rungu. Mjomba hakujivuta wala hakulia. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri mzaha uishe.

Wakambeba mpaka kwenye moto wao, wakachoma nyama, wakamketisha kijana mahali pazuri pasipo na moshi. Mbogoni akampa upinde mpya wa mkole na ngozi ya mnyama wake. Nyama ikagawanywa, fungu lake likawekwa juu ya jani. Alipolinyanyua, mluzi ukasikika kutoka vichakani, mwembamba, wa kurudiarudia. Ilikuwa sauti ya shangazi anamwita mumewe. Wawindaji hawakujali, kwao ilikuwa kelele ya porini. Ndahani akarudisha nyama juu ya jani.

"Kaka, mbona huli?" Nyemo akauliza. Safari hii hakuwa anamtania.

Kijana alikuwa anatazama vichakani. Mbogoni akajibu badala yake, mdomo umejaa: "Mwacheni. Ana adabu huyu, anawaachia wakubwa. Hivyo ndivyo mwindaji mpya anavyotakiwa." Wote wakaitikia, na fungu lile likaliwa na wengine.

Alipofika nyumbani shangazi alikuwa amesimama penye upenyo wa boma.

"Mwanangu, hujamwona mjomba wako?"

"Sijamwona, shangazi."

Alisema hivyo na ngozi ameibana kwapani. Na mnyama yule, nyie, pua yake si kama yetu. Shangazi alisogea, akanusa mara moja. Hakumlaani wala hakumuuliza kwa nini. Yeye aliyekuwa na maneno ya kila kitu akageuka bila hata moja, akaondoka.

Machozi yake hayakuwa ya maji. Yalikuwa mazito na meusi kama utomvu, yakachimba njia chini ya macho, yakakaa hapo. Alikwenda kichaka hadi kichaka, akiyafuta kwenye ncha za vijiti kando ya kijia chao, ili mumewe, kama kuna kosa, kama harufu ile ilikuwa ya mwingine, akipita ajue mkewe kapita pale na bado anamtafuta.

Ndahani alishuka bondeni na wenzake. Hakupata kitu, wala kiangazi kile wala vilivyofuata. Alipoingia tu porini na upinde wake mzuri, mluzi ulimtangulia, na swala, paa na hata kanga wakatawanyika. Wawindaji wakaanza kumbebesha mizigo. Nyemo akaolewa mbali. Mara nyingi alionekana amesimama vichakani bila upinde, anaita, "Shangazi, ni mimi." Mluzi ulimjibu, na nyayo ndogo zikakimbia. Mama yake hakumgombeza. Aliendelea tu kuacha upenyo kila jioni, mpaka alipokufa, na hakuna aliyeingia.

Na tangu siku hiyo digidigi ana michirizi myeusi chini ya macho, na anaifuta kwenye ncha za vijiti. Tangu siku hiyo dume na jike hutembea pamoja, hawaachani hata kwa umbali wa kichaka kimoja. Hawasemi tena na watu. Wakituona, hupiga mluzi na kuwaambia wengine kwamba tunakuja.

Na kijana anayeanza kuwinda hali mnyama wake wa kwanza. Anaketi, anashika mikono, anawaangalia wakubwa wakila. Wanamwambia ni adabu, naye anaamini, kwa sababu hakuna anayemwambia kwamba wa kwanza kuirudisha ile nyama juu ya jani hakuwa na adabu yoyote. Alikuwa anamsikia shangazi yake akiita.