Maelezo ya Mama Kalamu

Kinyozi anaweza kunyoa mtaa mzima, wazee kwa watoto, bila kumwaga tone la damu. Mpe wembe ajinyoe kisogo chake mwenyewe, uone. Ndiyo maana wahenga walisema kinyozi hajinyoi: ujuzi unaowafaa wengine huenda usikufae wewe, na hata bingwa huhitaji mkono wa mwenzake. Mama Kalamu alilijua hilo kwa kuchelewa.

Alikuwa karani katika ofisi ya msaada wa kisheria, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mlangoni palibandikwa karatasi: HUDUMA NI BURE. Kwa miaka saba aliandika maelezo ya wanawake waliopigwa na waume zao, na hakuna aliyeweza kumficha kitu. "Usiniambie alikusukuma tu," alikuwa akisema kwa upole. "Niambie alikusukuma kwa mkono gani, na ukaangukia nini." Maelezo yake yalisimama mahakamani kama ukuta wa zege.

Jioni alirudi kwa mumewe, mwalimu mkuu aliyesifiwa na kila mzazi kwa upole wake, naye alimpiga mahali panapofunikwa na blauzi.

Kumwambia wakili wa ofisini kwao aliona ni fedheha. Mtu atapangaje foleni mbele ya meza yake mwenyewe? Akaomba ruhusa ya siku moja, akajiandikia maombi ya amri ya kumzuia mumewe, akayapeleka mahakamani peke yake. Lakini kalamu iliyokuwa kali kwa waume wa wenzake ilikuwa butu kwa wa kwake. Aliandika "kutoelewana". Akaandika "alinishika kwa nguvu kidogo". Siku ya kusikilizwa, mume alifika na suti iliyonyooshwa pasi, na dada yake akiwa shahidi.

"Wifi yangu kazi imemchosha," dada mtu alimwambia hakimu. "Kutwa anasikiliza habari za vipigo, sasa anaviota."

Watu wakacheka. Maombi yakatupwa kwa kukosa ushahidi.

Jioni hiyo mwalimu mkuu aliubana mkono wa kulia wa mkewe kwenye mlango wa kabati, akausukuma mlango kwa goti. Vidole viwili vikavunjika. "Andika tena," akasema, kisha akaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Asubuhi Mama Kalamu alikuwa mezani pake, akihangaika kuandika kwa mkono wa kushoto. Akaingia fundi rangi, mwanamke aliyevaa ovaroli yenye madoa, ambaye ofisi hiyo ilimtoa kwenye mikono ya mumewe mwaka uliopita. Alifuata nakala ya hukumu yake.

"Mkono umefanyaje?"

"Mlango."

Fundi rangi alimkazia macho. "Na mimi nilikuja hapa nikakwambia mlango. Ukaniuliza huo mlango unaitwa nani."

Mama Kalamu akainamisha uso. "Jana mahakama ilinikataa, dada. Nitaandika upya. Sheria naijua."

"Hata jana uliijua. Inuka hapo."

Alimshika kiwiko, akamkalisha kwenye benchi la wateja, akagonga mlango wa wakili kwa ngumi. Wakili alitoka, akaviona vile vidole vilivyovimba na kuwa vyeusi. "Miaka saba tunakunywa chai pamoja," wakili alisema, "kumbe mimi kipofu." Akavuta kiti, akashika kalamu yeye mwenyewe. "Anza."

"Tulipishana maneno kidogo..."

"Hiyo kidogo siiandiki. Alifanya nini?"

Ndipo hasira aliyoimeza miaka yote ilipofura kama maziwa jikoni. Alitaja tarehe, mkanda, kabati, goti. Alimlaani mume. Alimlaani wifi, aliyewahi kumfunga jeraha la bega kwa kitambaa na kumwambia avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Akajilaani na yeye. Wakili hakumtuliza, aliandika tu. Kisha akampeleka hospitali, na kutoka huko wakaenda polisi na cheti cha daktari mkononi.

Kesi iliposikilizwa upya, wakili alimgeukia wifi. "Uliwahi kumfunga jeraha la bega?"

Wifi alimtazama kaka yake, akatazama chini. "Ndiyo."

"Lililetwa na ndoto?"

Safari hii hakucheka mtu. Hakimu aliamuru mwalimu mkuu ahame nyumba ile siku hiyohiyo na asimsogelee mkewe, na kesi ya vidole ikafunguliwa peke yake.

"Umeniaibisha," mume alimnong'oneza mkewe koridoni.

Mama Kalamu alimpita, akaelekea mlangoni. Alikuwa na hasira na mumewe, na hasira na nafsi yake, akijiuliza kwa nini alibeba mzigo ule peke yake huku akiwatua wenzake mizigo kila siku. Sheria aliijua kuliko wengi waliokuwa katika jengo lile, na bado haki yake ilipatikana kwa kalamu ya mtu mwingine. Kweli, kinyozi hajinyoi.