Mate ya Mama Aikaruwa

Hapo zamani, na simaanishi zamani ya mababu, nasema zamani ambayo kamba yake bado ninayo stoo, hapa Kirindeni palikuwa na timu ya wanawake wavuta kamba. Wavutaji wanane, wa akiba mmoja, na mwitaji. Tulieni basi nisimulie. Anayetaka kubishana, zamu yake ipo mwishoni.

Wa mwisho kwenye kamba, yule anayejizungushia mgongoni na kukita visigino ardhini, alikuwa Mama Aikaruwa. Akishakita, umekwisha. Mbele yake alivuta Ndeshimuni, binti wa miaka ishirini na miwili, ndiyo kwanza anapanda ndege. Mwitaji alikuwa Elinaike. Mwitaji havuti, husimama kando akiita, "Haya, vuta! Haya, kaza!" ili wote wavute kwa pumzi moja. Na Elinaike ndiye peke yake aliyejua lugha ya nchi ya ng'ambo walikoalikwa kushindana.

Huko Jumamosi wakashinda, wakaingia fainali ya Jumapili. Furaha iliyoje! Nahodha wa timu waliyoibwaga akaja kuwapa mkono, kambeba mwanawe mchanga. Sasa niambieni, kwetu mtu mzima akimpenda mtoto hufanyaje? Humtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Ni baraka. Nani hapa hakutemewa? Basi Mama Aikaruwa akainama, thu! Akamtemea mtoto wa watu.

Uwii! Mama mtu akapiga yowe, uwanja mzima ukageuka. Kumbe huko kumtemea mtu ni tusi kubwa, tena kosa la polisi. Wote wakapelekwa kituoni, jezi moja, vilemba vya kitenge kimoja. Mama wa mtoto akaulizwa ni yupi. Akawatazama, akatikisa kichwa. Alichokiona ni kilemba tu.

Mkuu wa kituo akasema, "Aliyetema ajitaje. Atakaa mahabusu mpaka kesi, na akitiwa hatiani ni miezi sita. Asipojitaja mnabaki wote, na fainali hamvuti."

Elinaike akatafsiri. Mama Aikaruwa akafungua kinywa, lakini kabla neno halijatoka, Ndeshimuni akanyoosha mkono.

"Mimi."

"We mtoto, una wazimu?" Mama Aikaruwa akamnong'oneza.

"Mama, nafasi yangu ina mtu wa akiba. Yako haina. Nyamaza ukavute."

Na Mama Aikaruwa akanyamaza. Hilo mliweke akilini, tutalirudia. Binti akafungiwa, wenzake wakaachiwa.

Jumapili kamba ikatandazwa. Mwitaji yuko wapi? Hayupo! Elinaike alikuwa mtaani, anauliza nyumba kwa nyumba anakoishi mama wa mtoto. Alipompata, yule mama hakufungua. Elinaike akasimama mlangoni na kusema na mbao.

"Dada, aliyefungwa siye. Aliyemtemea mwanao anaitwa Mama Aikaruwa. Ana wajukuu kumi na mmoja, na wote kawatemea, kila mmoja mara nne, ndiyo desturi yetu. Alimpenda mwanao. Basi."

Akasema yote, na jina akalitaja. Akangoja. Kitasa kikalia.

Uwanjani nako, bila mwitaji, raundi ya kwanza timu yetu ikaburuzwa. Mama Aikaruwa akasema, "Nitaita mwenyewe." Jamani! Mtu kajifunga kamba mgongoni, pumzi ya kuvutia hana, ya kuitia ataitoa wapi? Akaita. "Haya, Ndeshimuni, vuta! Haya, Ndeshimuni, kaza!" Akaita jina la aliyekuwa ndani. Raundi ya pili wakashinda. Ya tatu wakashinda. Kombe letu!

Hakungoja picha. Akalitia kombe kwapani, moja kwa moja kituoni. "Mate ni yangu. Mtoeni huyo, nifungeni mimi." Mkuu wa kituo haelewi hata neno. Mama akaonyesha kinywa chake, akajionyesha kifuani, akaonyesha mlango wa mahabusu. Hapo hapo Elinaike akaingia na mama wa mtoto, na mtoto mwenyewe.

"Haya, ni nani?" mkuu akauliza.

"Mimi!" akasema Mama Aikaruwa.

"Mimi!" akapiga kelele Ndeshimuni kutoka ndani.

Mama wa mtoto akasema, "Mashtaka nayafuta. Lakini na huyu mama nina neno. Wajukuu zake anawatemea mara nne, mwanangu kampa moja. Zile tatu ziko wapi?"

Mkuu wa kituo akaangalia dari mpaka tatu zikaisha. Kisha akatafuta ufunguo.

Wakarudi nyumbani. Mbuzi akachinjwa, na mchinjaji nilikuwa mimi. Mnajua kidari chetu: hupewa mmoja tu, aliyeleta ushindi, na tangu siku hiyo jina lake ndilo huitwa kwanza kila kamba inapovutwa. Hakikatwi viwili.

"Changu," akasema Ndeshimuni. "Nimelala mahabusu kwa kosa lisilo langu. Ningebaki nje, Mama angekuwa ndani, na kombe lingekuwa la wenyewe."

"Uliwadanganya polisi," akasema Mama Aikaruwa. "Kidari ni changu. Nimevuta, nimeita, na nikiwa na kombe mkononi nimekwenda kujifungisha. Nani angenizuia kupanda ndege?"

"Lakini kwanza ulinyamaza," akasema Elinaike. "Uliacha binti alale sakafuni. Mngejitaja hata mara mia, mlango wa yule mama usingefunguka, mmoja wenu angekuwa huko hadi leo. Niliufungua mimi. Nipe changu."

"Kwa kunitaja mimi!" akasema Mama Aikaruwa. "Je, kama angekuja na hasira? Tena timu uliiacha bila mwitaji!"

Wote watatu wakanigeukia. Kidari mkononi, mafuta yananichuruzika hadi kwenye kiwiko, na ukoo mzima umesimama unangoja nimtaje mtu.

Haya, mlioomba zamu ya kubishana, ndiyo hii. Mngekuwa na kisu changu siku ile, kidari mngempa nani?